Duka la vitenge bila seva: pisi moja, wanunuzi watatu

SWALI: Kaka, salaam. Mama yangu anauza vitenge hapa Arua. Picha tunaziweka WhatsApp, wateja wanatuma pesa kwa simu, mzigo tunaupandisha basi la Kampala au Gulu. Wiki ya mwisho kabla ya Idi tulipata aibu: pisi moja tuliwauzia watu watatu, na wote walikuwa wameshalipa. Nimejifunza JavaScript mwaka mzima, sasa nataka kumjengea mama duka la mtandaoni. Mwalimu wangu anasema nikodi seva, yaani kompyuta ya kuendeshea duka. Rafiki yangu wa Kampala anasema siku hizi watu wanajenga bila seva kwenye AWS, ile huduma ya kompyuta ya Amazon. Hiyo "bila seva" ni kitu gani hasa, itanitoka shilingi ngapi, na itatuondolea aibu ya Idi? Naogopa bili ya dola. (Binti wa duka, Arua)

JIBU: Dada, salaam aleikum. Nianze na hilo la aibu, maana ndilo lenye uzito. Kujenga bila seva peke yake hakutawaondolea. Pisi moja inaweza kuuzwa mara tatu kwenye seva ya kukodi, kwenye AWS na kwenye daftari la mama, kwa sababu ileile: watu watatu waliuliza "ipo?" kabla hata mmoja wao hajaandikiwa "imechukuliwa". Dawa yake ni sharti moja dogo kwenye hifadhidata, nitalifikia. Lakini kama unaniuliza ujenge bila seva au ukodi, mimi nasema jenga bila seva, na sababu yangu si bei.

Kwanza jina lisikudanganye, seva zipo. Fikiria kinu cha kusaga mahindi. Hakuna anayenunua kinu kwa ajili ya madebe mawili ya wiki. Unapeleka gunia, linasagwa, unalipia ulichosaga, unarudi na unga wako. Wiki usiyokwenda hulipi kitu. Lambda ya AWS, iliyotangazwa Novemba 2014, ni kinu cha namna hiyo. Unaandika kipande cha msimbo (maagizo kwa kompyuta), wao wanakiendesha kila ombi linapoingia, nawe unalipia idadi ya maombi na milisekunde zilizotumika. Wakija wateja 3 au 300 kwa dakika, wao ndio wanaoongeza mashine. Ukikikuta kinu kimezimwa unasubiri kidogo injini iwake, na hapa pia ni hivyo: ombi la kwanza baada ya kimya huchelewa, pengine nusu sekunde, pengine zaidi. Kwa JavaScript si kitu cha kukukosesha usingizi.

Kinachowaponza wengi ni kwamba kinu hakitunzi unga wa mtu. Kipande cha Lambda kikimaliza kazi, chochote ulichokiacha kwenye kumbukumbu yake kihesabu kimepotea. Kinaweza kubaki, kinaweza kufutwa, na ombi linalofuata linaweza kwenda kwenye mashine nyingine kabisa. Nimeona vijana wanaweka idadi ya pisi zilizobaki ndani ya kigezo cha JavaScript (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya msimbo), wanajaribu peke yao mezani, inafanya kazi vizuri sana. Wakija wateja wawili kwa pamoja, kila mmoja ana hesabu yake. Kila kitu cha kukumbukwa kikae nje ya Lambda. Kwa duka lenu kitakaa DynamoDB, hifadhidata ambayo nayo unailipia kwa kusoma na kuandika.

Sasa bei, maana umesema unaogopa. Tuseme wanakuja watu 20,000 kwa mwezi, ambao kwa duka moja la Arua ni wengi mno, na kila mmoja anasababisha maombi 10. Hayo ni maombi 200,000. Lambda inatoa maombi 1,000,000 ya bure kila mwezi. API Gateway, mlango unaopokea maombi hayo, kwa aina yake nyepesi na bei ya kituo cha AWS cha Virginia, Marekani, ni dola 1 kwa maombi milioni, kwa hiyo wewe utalipa senti 20. Tuhesabu dola kwa shilingi 3,700: hiyo ni kama shilingi 740. DynamoDB kwa oda elfu moja au mbili ni senti. Jina la tovuti ukilitunza kwao ni nusu dola kwa mwezi. Bili nzima haitafika bei ya sahani ya wali na nyama.

Lakini niseme ukweli wa mwalimu wako pia: seva ndogo ya dola 5 kwa mwezi ingelibeba duka hili bila jasho. Tofauti ni nani atakayeamka. Seva ya kukodi inataka mtu wa kuiwekea viraka vya usalama, wa kuangalia diski isijae logi (kumbukumbu za kila tukio), wa kuiwasha ikizima saa nane usiku wa kuamkia Idi. Mtu huyo atakuwa ni wewe, na wewe usiku huo unakunja vitenge. Hiyo ndiyo sababu yangu. Gharama yake ni kwamba unajifunga kwa kampuni moja. Msimbo ulioandikiwa DynamoDB hauhamishiki kwingine kwa siku moja, na ukiingia ingia ukijua.

Kabla hujaandika hata Lambda moja, tenga vitu ambavyo ni vilevile kwa kila mteja. Picha ya kitenge, bei yake, maelezo yake, ukurasa wa "sisi ni nani": hivyo havihitaji kusagwa. Vifanye kurasa za kawaida, viweke kwenye S3, ghala la mafaili la AWS, na mbele yake weka CloudFront ili nakala zikae karibu na msomaji. Kurasa za namna hii hazianguki kwa wingi wa watu. Na hapo ndipo utakapowahurumia wateja wako, maana tangu Julai 2021 bando la Uganda lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Picha inayotoka kwenye simu janja ina MB 3 au 4. Ipunguze, iwe ya aina ya WebP, ishuke hadi KB 100 hivi. Ukurasa wa vitenge 15 utafunguka kwa MB 1 na nusu badala ya 50. Na mwambie mama apige picha nje, kivulini, asubuhi. Taa ya dukani inageuza bluu kuwa zambarau, na mteja wa Gulu atarudisha mzigo kwa basi lilelile.

Haya, tuje kwenye pisi moja na watu watatu.

Kosa la kawaida ni kusoma kwanza, kisha kuandika: Lambda inauliza "zimebaki ngapi?", inajibiwa 1, inaandika 0. Kati ya kuuliza na kuandika, Lambda ya mteja wa pili nayo imeuliza ikajibiwa 1. DynamoDB ina njia ya kufanya yote mawili kwa pigo moja: "punguza moja, kwa sharti kwamba iliyobaki inazidi sifuri." Sharti likishindikana hakuna kinachoandikwa, na msimbo wako unapata kosa unaloweza kulitafsiri kwa mteja: "Samahani, imechukuliwa sasa hivi." Watu watatu wakibonyeza kwa pamoja, mmoja anapita na wawili wanaambiwa hapana kabla hawajatoa shilingi. Na unaweza kuunganisha kupunguza huko na kuandika oda ndani ya muamala mmoja, ili isitokee pisi imepungua na oda haipo. Neno "ipo" linaloonekana kwenye ukurasa lisikusumbue hata likichelewa sekunde kadhaa. Hilo ni tangazo tu. Hakimu ni lile sharti.

Hapo kuna shimo ambalo hakuna teknolojia ya kulifukia: mama anauza pia mezani. Mteja anaingia, anashika kitenge, analipa taslimu, anaondoka, na DynamoDB haina habari. Usitegemee kwamba katikati ya msongamano wa Idi mama atafungua simu apunguze hesabu. Hatafanya, na hana kosa. Tengeni gunia la mtandaoni. Pisi zilizo ndani ya gunia hilo haziuzwi mezani, na zilizo mezani haziko mtandaoni. Jioni, kukiwa kimya, mnahamisha mnavyotaka. Ni suluhisho la kizamani, lakini nimeona maduka yenye mifumo ya gharama yakirudi kwenye gunia.

Sasa malipo, na hapa nitakaa.

Duka la Ulaya linapokea kadi, jibu linarudi papo hapo. Kwetu mteja analipa kwa MTN MoMo au Airtel Money, na mambo ni mengine. Ukituma ombi la malipo kwa MTN, unachojibiwa ni 202. Hiyo maana yake "nimelipokea ombi lako", haimaanishi "amelipa". Simu ya mteja inalia, anaulizwa namba ya siri. Pengine anaiweka. Pengine salio halitoshi, anakimbia kwa wakala. Pengine simu iko kwa mtoto anachezea. Wewe hujui lolote kwa sekunde 5 au dakika 3.

Kijana anayeanza huiacha Lambda ikisubiri. Usifanye hivyo. Unalipia kusubiri kwake, na API Gateway nayo hukata mazungumzo karibu na sekunde 30, kwa hiyo mteja anaonyeshwa kosa wakati pesa yake inakatwa. Lambda itume ombi, iandike oda kuwa "inasubiri", imjibu mteja "angalia simu yako", ife. Ukurasa wa mteja uwe unaulizia hali ya oda kila baada ya sekunde chache.

Jibu la kweli huja baadaye, pale MTN wanapoigonga anwani ya mtandaoni uliyowapa. Taarifa hiyo hutumwa mara moja tu. Kama mlango wako ulikuwa na hitilafu dakika hiyo, hawarudii. Mimi niliwahi kuutegemea mlango huo peke yake kwenye duka la mteja wangu. Nilipandisha msimbo mpya mchana, una kosa la herufi moja kwenye sehemu ya kupokea, na kwa saa mbili watu wakalipa oda ambazo kwetu zilibaki "inasubiri". Niligundua kwa matusi ya simu. Kosa lilikuwa langu tupu.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Namba ya kumbukumbu ya malipo naitengeneza mimi na kuiandika kwenye oda kabla sijatuma ombi lolote, ili hata mtandao ukikatika katikati niwe na kitu cha kuulizia. Papo hapo naweka ujumbe wenye namba ya oda kwenye SQS, foleni ya ujumbe ya AWS, na kuuchelewesha dakika 15, ambao ndio mwisho SQS inaruhusu. Ujumbe ukiiva, Lambda nyingine inauliza MTN yenyewe: oda hii imelipwa? Ikiwa ndiyo, inaandika hivyo. Ikiwa imeshindikana, inairudisha pisi kwenye gunia. Ikiwa bado haijulikani, inajirudisha kwenye foleni. Usiirudishe pisi kabla ya kuuliza, maana mteja aliyekimbia kwa wakala anaweza kulipa dakika ya 14.

Hata taarifa ya MTN ikigonga mlangoni ikisema "amelipa", usiiamini kwa maneno yake. Anwani ile iko wazi kwenye intaneti, yeyote akiijua anaweza kuigonga. Ichukue kama kengele tu, kisha nenda ukaulize mwenyewe kwa namba yako ya kumbukumbu. Unakumbuka zile meseji za kughushi za "umepokea UGX 150,000" wanazotumiwa wauza maduka? Wizi huohuo unaweza kuja kwa mlango huu.

Sasa una njia mbili za kujua kuwa oda imelipwa, na siku moja zote mbili zitafika kwa wakati mmoja. Na foleni ya kawaida ya SQS yenyewe huahidi kuufikisha ujumbe angalau mara moja, kwa hiyo mara mbili ni halali. Usipojihadhari mteja atapata meseji mbili, na msaidizi dukani atafunga mizigo miwili. Dawa ni ileile ya pisi: "badilisha oda iwe imelipwa, kwa sharti kwamba sasa hivi inasubiri." Anayefanikiwa kubadilisha ndiye anayetuma meseji. Anayekuta imeshabadilika ananyamaza na kuondoka. Ukielewa sharti hili moja, umeelewa nusu ya kazi ya kujenga bila seva. Chukulia kwamba kila ujumbe utafika mara mbili, au utachelewa, au hautafika, kisha andika msimbo ambao haujali.

Itabaki hali moja chafu: pisi imesharudishwa, imeuzwa kwa mwingine, halafu malipo ya kwanza yanaingia. Itatokea mara chache, lakini itatokea. Ipe jina lake kwenye oda, "imelipwa, mzigo hakuna", na imtumie mama meseji ampigie mteja simu. Usijaribu kurudisha pesa kwa msimbo wiki yako ya kwanza.

Mawili madogo ya hapa kwetu. Namba inayolipa na namba inayopokea mzigo ziwe sehemu mbili tofauti kwenye fomu, maana watu hulipa kwa laini ya dada au ya mume. Na usishangae sanduku la majaribio la MTN likitaka euro, liko hivyo. Ukienda kwenye pesa halisi utatakiwa nyaraka za biashara iliyosajiliwa. Kama hutaki kuandika msimbo mara mbili, mmoja wa MTN na mwingine wa Airtel, zipo kampuni za kati kama Flutterwave na Pesapal zinazopokea zote kwa mlango mmoja na kukata asilimia yao. Kwa duka linaloanza mimi ningepitia huko, ningelipa asilimia hiyo na kulala.

Nirudi kwenye bili kidogo, kwa sababu bili ya kawaida ni ndogo lakini ajali zake ni kubwa. Ya kwanza ni mzunguko. Unaweka Lambda ya kupunguza picha: kila picha ikiingia kwenye ndoo ya S3 (ndivyo wanavyoita sehemu za ghala hilo), Lambda inaamka, inaipunguza, inaiandika. Ukiiandika kwenye ndoo ileile, picha ndogo nayo ni picha iliyoingia, Lambda inaamka tena, na hivyo hivyo mpaka asubuhi. Ndoo ziwe mbili. Ya pili: ukisoma makala fulani yatakuambia uiweke Lambda ndani ya mtandao wa faragha. Ukifanya hivyo utahitaji NAT Gateway, mlango wa kutokea intaneti, ili iifikie MTN, na hiyo hulipiwa kwa saa hata kama hakuna mteja: senti 4 na nusu kwa saa kwa bei ya Virginia, karibu dola 33 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi 120,000 zinazopotea bure, maana DynamoDB inafikika bila huo mtandao. Ya tatu ni logi, ambazo zisipowekewa muda hutunzwa milele. Weka siku 14.

Weka tahadhari ya bajeti ya dola 5 siku ileile unayofungua akaunti. Ujue hata hivyo kwamba tahadhari hutuma barua pepe tu, haizimi kitu, na huchelewa saa kadhaa. Kinachozuia kweli ni kikomo: API Gateway iruhusu maombi machache kwa sekunde, na Lambda ya picha isiendeshwe zaidi ya 5 kwa wakati mmoja. Kuna kikomo kingine kinachokuhusu kinyume chake. Kwa kawaida akaunti huruhusiwa Lambda 1,000 kwa pamoja, lakini akaunti mpya huweza kupewa chache sana, hata 10. Angalia yako mapema na uombe iongezwe. Usiigundue usiku wa kuamkia Idi.

Mahali pa kuweka duka? AWS wana vituo Cape Town tangu 2020, na Cape Town ni ghali kuliko kituo chao cha Ireland. Ramani inasema Cape Town ni karibu. Nyaya za intaneti hazisomi ramani hivyo. Sisi hatuna bahari, tunapitia Mombasa, na 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, tuliokuwa tunategemea Afrika Kusini tuliumia. Pima kwa simu yako ukiwa Arua, kwa MTN na kwa Airtel, mchana na usiku, ndipo uchague. Kwa kuwa kurasa zenu ziko CloudFront, tofauti itaonekana kwenye kubonyeza "nunua" tu.

Kuhusu sheria, unakusanya majina na namba za simu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu. Jisajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, usikusanye tarehe ya kuzaliwa ambayo huihitaji, na funguo za siri za malipo zisiwe kamwe ndani ya JavaScript inayokwenda kwenye kivinjari.

Na kikapu, kile cha kukusanyia bidhaa kabla ya kulipa? Usijenge kikapu. Mteja wa kitenge ananunua pisi moja au mbili, na kabla ya kununua anataka kuuliza kama rangi inachuja. Muachie WhatsApp ya mama kwenye kila ukurasa. Toleo la kwanza liwe na kurasa za picha, kitufe cha "nichukulie hii", malipo, na ukurasa mmoja wa mama wenye orodha ya waliolipa, herufi kubwa, namba ya simu na jina la mji. Kila asubuhi auchapishe au aunakili daftarini. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na waliokuwa na orodha kwenye karatasi waliendelea kupandisha mizigo yao basi.

Ukimaliza sehemu ya kununua, kabla hujagusa malipo, fanya jaribio hili. Weka pisi moja kwenye gunia la mtandaoni. Azima simu mbili, uwe na tatu, kila moja na laini yake. Kaeni watatu mezani kwa mama, hesabuni moja, mbili, tatu, mbonyeze pamoja. Rudieni mara 20. Zikipita mbili hata mara moja, usiendelee mbele: nitumie mstari wako wa sharti, tuutazame.